Petroli Isiyogusa Barabara

Ndugu mwenyekiti, waheshimiwa madiwani mliokuja, ndugu zetu wa halmashauri na wa mapato, wazee wangu wa feri, mama zangu wa sokoni, vijana wa bodaboda mlioacha pikipiki zenu hapo nje juani. Asalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Na wote mnaostahili shikamoo yangu, shikamooni.

Nimepewa dakika ishirini nizungumzie nafuu ya kodi kwenye mafuta na chakula. Mimi si mchumi. Ni mama lishe hapa feri ya Mtwara, panaposhushwa samaki, mwaka wa kumi na saba sasa. Ni mtunza hazina wa kikundi cha akina mama tunaowakopesha wavuvi mafuta ya kuingilia baharini, nao hutulipa samaki wakishauzwa. Na nina mikorosho ya upande wa mama yangu, Tandahimba ndani huko, kama mjuavyo mirathi ya kwetu Wamakonde inavyokwenda. Kwa hiyo lita ya petroli mimi naiona kwa pande tatu: kwenye sufuria, kwenye boti na chini ya mkorosho. Ninayotaka kusema leo yametoka huko.

Nianze na bakuli.

Wateja wangu wa siku nyingi mnalikumbuka lile bakuli la bati, la bluu, nililokuwa napimia wali. Nalijaza, nalisawazisha kwa mwiko, nalifunika kwenye sahani, wali unatoka umesimama kama kichuguu. Mwaka 2022 bei zilipopanda nilikaa jioni moja na daftari langu, nikaona sahani ya 1,500 hainilipi tena. Mchele umepanda, mafuta ya kula yamepanda, mkaa umepanda, na kijana wa bajaji anayenibebea mizigo kutoka soko kuu ameongeza nauli. Ningetakiwa niuze 2,000. Lakini mteja wangu ni mbeba samaki. Anaamka saa tisa usiku, anapanda na kushuka na tenga begani, na mfukoni amejitengea 1,500 ya kula mchana. Nikimwambia 2,000 ataondoka akanywe chai na andazi moja ashinde nalo.

Basi nikaenda sokoni nikanunua bakuli jingine, dogo kidogo, rangi ile ile. Sikumwambia mtu. Siku ya tatu, mzee mmoja mbeba samaki aliitazama sahani yake, akanitazama mimi, akasema taratibu, "Mama, wali umekonda." Akala, akalipa, akanishukuru. Maneno yale sijayasahau mpaka leo.

Nawaambia jambo hili kwa sababu kama mtu wa takwimu angepita siku ile kuniuliza sahani ni shilingi ngapi, ningemjibu 1,500, kama mwaka uliopita, naye angeandika kwamba kwa mama huyu bei haijapanda. Kumbe imepanda, ila imelipwa na tumbo la mzee yule. Maisha yanapopanda huku kwetu, mara nyingi hayapandi kwa shilingi. Yanapanda kwa bakuli, kwa fungu la dagaa, kwa kipande cha muhogo, kwa mlo wa usiku unaorukwa nyumba nzima bila kutangaziana.

Sasa watu wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao, tunasema: Serikali iondoe kodi kwenye chakula. Ni kauli nzuri kuisikia. Lakini niliuliza, nikaelezwa, nikasoma mwenyewe. Nafaka, mihogo, mboga, samaki wabichi, vyakula ambavyo havijasindikwa, havitozwi VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Ile asilimia 18 haimo kwenye mchele wangu. Mafuta ya kula ni habari nyingine, na ndiyo maana mwaka ule ule wa 2022 Bunge lilipitisha msamaha wa VAT kwa mafuta ya kula yanayozalishwa nchini kwa mbegu za nchini. Hilo lilikuwa jambo la maana. Ila kwenye mchele hakuna VAT ya kuondoa.

Kodi ya mchele imo kwenye tangi la lori. Mchele wa Kyela au wa Morogoro haufiki Mtwara kwa miguu. Mahindi ya Songea yanashuka kwa njia ya Tunduru na Masasi. Vitunguu, viazi, sukari, sabuni, vingi vinavuka Rufiji, vinapita Kilwa na Lindi, zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam, ndipo vikafika hapa. Sisi tuko mwisho wa barabara. Kila lita ya dizeli iliyochomwa njiani inateremka na gunia pale soko kuu, na mwenye gunia anaidai kwetu. Kwa hiyo anayetaka kuupunguzia uzito wali wa Mtwara ataanzia kwenye mafuta.

Na Serikali ilifanya hivyo. Haki isemwe. Vita vya Urusi na Ukraine vilianza Februari 2022, bei ya mafuta duniani ikaruka, na Mei mwaka ule petroli ikafika shilingi 3,148 kwa lita Dar es Salaam. Mheshimiwa Rais Samia akatangaza ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa bei za kuanzia Juni, fedha zilizopatikana kwa Serikali kujibana kwenye matumizi yake. Bila ruzuku, lita ya petroli Dar es Salaam ingevuka 3,300 mwezi ule. Ikawa 2,994. Ni nafuu ya shilingi mia tatu kwa lita, na mtu yeyote anayetia mafuta kila siku anajua maana ya mia tatu. Na baada ya hapo ikaja ruzuku ya mbolea, mfuko wa DAP uliokuwa umepita 130,000 mkulima aliyesajiliwa akaupata kwa 70,000. Nashukuru. Sikuja hapa kukana wema niliofanyiwa.

Nimekuja kuuliza wema ule uliishia wapi.

Hapa mjini uliishia kwenye pampu. EWURA, mamlaka inayosimamia mafuta, ikitangaza bei kikomo, Jumatano ya kwanza ya mwezi, unabonyeza *152*00# kwenye simu, unaiona bei ya Mtwara, unakwenda kituoni unadai bei hiyo na risiti yako. Huo ni utaratibu unaofanya kazi, na vijana wa bodaboda wa mjini wanaujua kuliko mimi.

Twendeni Tandahimba ndani. Pampu iliyo karibu na shamba la mama yangu iko zaidi ya kilomita ishirini. Kijijini petroli inauzwa kwenye benchi chini ya mwembe, kwenye chupa za maji za lita moja zilizopangwa mstari. Ukifika jioni jua likizipiga unaona rangi yake, njano ya kupauka, na juu ya kila chupa pana nafasi ya vidole viwili isiyo na kitu. Kijana anachukua chupa nyingine iliyokatwa kitako, ndiyo mrija wake, anaipachika kwenye tangi la pikipiki, anamimina, anaitikisa chupa mpaka tone la mwisho. Hana mashine, hana risiti, hana bei kikomo. Juni 2022, pampu iliposhuka, mimi nilinunua chupa ile kwa 4,000 kama nilivyoinunua Mei. Nikamwuliza, mwanangu, mbona mjini imeshuka? Akanijibu, "Shangazi, nikishusha leo, mwezi ujao nikipandisha mtanipiga."

Sikumlaumu. Kijana yule anakodi pikipiki, anafunga madumu mawili nyuma, anakwenda na kurudi kwenye mchanga, anachoma mafuta ili alete mafuta. Mengine yanakuwa mvuke kabla hajayauza. Akishikwa njiani ni kosa. Ikitokea cheche ni maiti. Faida yake naijua, ni ndogo. Lakini ukweli unabaki kwamba ruzuku ya taifa zima ilifika kilomita ishirini kabla ya kijiji cha mama yangu ikasimama.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni jepesi na sitalikalia. EWURA ilishalegeza masharti ya vituo vidogo vya mafuta vijijini, na REA, wakala wa nishati vijijini, inawakopesha watu kuvijenga. Waheshimiwa madiwani, katika kata zenu ni watu wangapi wanajua? Semeni kwenye mikutano ya vijiji. AMCOS zetu, vyama vyetu vya ushirika vya wakulima, zina viwanja, zina maghala, zina fedha zinazopita msimu wa korosho. AMCOS inaweza kuwa na pampu moja. Na yule kijana wa chupa awe wa kwanza kuajiriwa pale, maana wateja wote anawajua kwa majina.

Sasa nije kwenye lililonileta.

Mwaka 2021 bajeti iliongeza shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli, kwa ajili ya barabara za vijijini, zile zilizo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Tozo ya barabara ikatoka 313 ikawa 413. Mwaka 2023 lita ikaongezewa 100 nyingine kwa miradi ya kimkakati. Juu yake upo ushuru wa bidhaa. Watu wanaposikia hesabu hii wanapiga kelele: ondoeni zote! Naomba nitofautiane na wenzangu, na ninajua nikishuka hapa kuna watakaoninunia.

Mimi sitaki tozo ya barabara iondolewe kwa lori.

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja juu ya mvua zilizokwisha kunyesha, barabara ya Dar es Salaam ilikatika pale Somanga na sehemu za Kilwa. Mnakumbuka. Mabasi yalilala, malori yakalala na mizigo ikaozea juu. Siku zile hakuna waziri aliyepandisha kodi. Lakini mimi nilizunguka soko kuu nikitafuta vitunguu, nikavipata vya kuhesabu, na bei yake sikuithubutu. Nilipika mchuzi wa nyanya chache na nazi nyingi siku kadhaa. Barabara mbovu ni kodi ambayo haipitii Bungeni. Lori likitambaa kwenye matope linachoma dizeli ya safari mbili, linavunja springi, na yote yanakuja kwenye bakuli langu. Sisi tuliokaa miaka mingi tukitazama barabara ya Mnivata, Tandahimba, Newala hadi Masasi ikiahidiwa na kuahidiwa tena, hatuwezi kuwa watu wa kwanza kusema fedha ya barabara isikusanywe. Mwenye lori alipe, ajengewe, apite salama, mchele ufike na bei yake.

Lakini boti inalipa barabara gani?

Hilo ndilo swali langu, na naomba mlichukue mkaende nalo nyumbani. Boti yenye mashine ya nguvu ya farasi 40, ikienda nje na kurudi usiku mmoja, huwa tunaipa lita 40. Mafuta yale yanatoka pampuni na madumu, yanapita barabara ya lami mita mia chache mpaka ufukweni, basi. Yakishamiminwa hayagusi lami tena. Yanachomwa juu ya maji ya chumvi. Lakini kila lita imeshalipa 413 za barabara, ukiacha nyingine. Mara 40 ni shilingi 16,520. Usiku mmoja. Boti ikienda siku 18 kwa mwezi, ukitoa siku za upepo mbaya na za maji mafu, ni shilingi 297,360 za barabara zilizolipwa na chombo kisicho na tairi.

Na nani anazilipa? Hapa wavuvi wataniunga mkono, kwa sababu nje ya feri jambo hili halijulikani. Boti ikirudi alfajiri, samaki wakishauzwa mnadani, fedha haigawiwi hivi hivi. Kwanza yanatolewa mafuta. Kisha barafu, chakula, ushuru. Kinachobaki ndicho kinachokatwa mafungu: fungu la boti, la mashine, la nyavu, kisha mabaharia. Sasa kama mafuta yamekula, mwenye boti na mashine bado ana mafungu yake. Baharia ana fungu moja tu, na ndilo linalokonda.

Nimekaa pembeni ya mgao ule mara nyingi nikisubiri changu, kwa sababu mafuta yale ni ya kikundi chetu, na sisi ndio tunaolipwa kwanza. Nimeona nahodha anahesabu noti juu ya ubao wa boti, mikono ina magamba, anatutengea sisi akina mama rundo letu, kisha anawageukia vijana sita waliolowa usiku kucha. Siku moja kila kijana alipata 3,000. Mmoja wao, mtoto wa jirani yangu, alizikunja akazitia kwenye kofia, akaja bandani kwangu akaagiza chai ya rangi. Chai tupu. Nilimwekea na chapati, akakataa, akasema atakula nyumbani. Nami nilikuwa nimeshika bahasha ya mafuta mkononi, na ndani ya bahasha ile, kwa hesabu niliyowaonyesha, 16,520 ilikuwa ya barabara. Tuseme ingekwenda yote kwa vijana sita. Ni zaidi ya 2,700 kwa kila mmoja. Angeondoka na karibu mara mbili ya alichopata.

Na korosho ni hivyo hivyo. Serikali inatupa salfa bure kwa ajili ya ubwiriunga, ugonjwa unaoshambulia maua ya mkorosho, nashukuru sana, mwaka hadi mwaka imeokoa maua. Lakini salfa haiendi kwenye mkorosho yenyewe. Inapulizwa na bomba la mota, kijana amelibeba mgongoni, alfajiri umande haujakauka, anatembea mti kwa mti uso umefungwa kitambaa na macho yanamwasha. Bomba lile linakunywa petroli. Nayo inatoka wapi? Kwenye benchi, chini ya mwembe, kwa chupa. Dawa nimepewa bure, mafuta ya kuipuliza nanunua kwa bei ya juu kuliko mwenye gari la kifahari wa mjini, na ndani yake nimelipa barabara ninayoitazama kutoka juu ya mikorosho bila kuikanyaga. Msimu uliopita nilipuliza raundi tano, lita 18. Mtu ataniambia, mama, tozo ya lita 18 ni shilingi 7,434, ndiyo ya kuja kutusumbua? Ndiyo. Ni mfuko wa sembe wa watoto. Na mimi nina shamba dogo. Hesabuni mikorosho ya Tandahimba, Newala, Masasi, Nanyamba, mwongeze Ruangwa, Nachingwea na Liwale kwa wenzetu wa Lindi.

Tena korosho yenyewe inatozwa ushuru ikitoka nchini ikiwa ghafi, asilimia 15 au dola 160 kwa tani, kiasi chochote kilicho kikubwa. Mwaka 2018 tulishuhudia sehemu ya ushuru ule iliyokuwa inarudi kwenye zao ikielekezwa yote Hazina. Na gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, hayo yana siku yake, leo siyagusi. Nasema tu kwamba Kusini haiji kuomba mikono mitupu.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nimeshajibiwa ofisini. Niliambiwa: tukiwapa wavuvi petroli isiyo na tozo, kesho itakuwa kwenye magari. Jibu hilo si la kubezwa. Nina umri wa kukumbuka mafuta ya taa. Kodi yake ilikuwa ndogo, shilingi 52 kwa lita, kwa kuwa ni mafuta ya maskini. Wajanja wakayachukua wakayachanganya na dizeli, uchakachuaji ukatapakaa nchi nzima, magari yakafa. Mwaka 2011 Serikali ikaipandisha kodi ile mpaka shilingi 400 na senti. Uchakachuaji ukapungua. Lakini nani alilipa? Wezi walihamia kwenye mambo mengine. Aliyelipa ni bibi wa kibatari, na mvuvi wa dagaa wa karabai. Nakumbuka boti zilizokuwa zinawasha karabai nne zikawasha mbili, na dagaa hufuata mwanga. Leo wengi wana taa za sola na betri, Mungu amesaidia, lakini miaka ile ilikuwa migumu, na hakuna aliyekuja feri kutuuliza.

Kwa hiyo siombi petroli ya bei nafuu kituoni. Siombi pampu ya wavuvi yenye rangi yake. Hiyo itachakachuliwa, nakubali. Naomba turejeshewe. Mvuvi anunue kama watu wote, kwa bei ya wote, alipe tozo zote, achukue risiti. Kisha mwisho wa miezi mitatu, tozo ya barabara irudi kwake.

Mtauliza irudi kwa njia gani. Boti ina namba ya usajili, ina leseni ya halmashauri, ina BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, inayoijua imetoka lini na imerudi lini. Ukubwa wa mashine unajulikana. Wekeni kikomo: mashine ya 15 lita kadhaa kwa mwezi, ya 40 lita kadhaa, asiyevua asipate. Mkulima wa korosho ameshasajiliwa, miti yake imeshahesabiwa, na kwa daftari hilo hilo ndiyo anapewa salfa. Mwanya wa kudanganya utakuwepo, sikatai, lakini mtu hawezi kudai tozo ya lita 1,000 kwa mikorosho 40. Mbolea ya ruzuku ilitolewa kwa namba ya mkulima kwenye simu. Fedha ya korosho inaingia benki. Njia zote hizi tayari zimechimbwa, zinangoja maji tu.

Na lisionekane ni jambo la ajabu, kwamba mtu asamehewe tozo ya mafuta. Katika mikataba ya zamani, migodi mikubwa ya dhahabu ilipewa nafuu ya tozo hizi hizi za mafuta. Mitambo ya mgodini haitembei kwenye barabara za umma. Hoja ni hiyo hiyo ninayoisema mimi. Kama nafuu ile ilikubalika kwa kampuni ya mgodi, naomba ikubalike ikiombwa na mama lishe.

Mtu mwingine ataniuliza pengo litazibwa na nini, maana barabara zinahitaji kila shilingi na nimesema mwenyewe. Nimelifikiria hili nikipika. Kwanza, fedha ninayoomba ni ya watu ambao hawakupaswa kuitoa. Pili, leo mvuvi hachukui risiti. Ya nini? Haimsaidii. Vituo vinamjazia dumu, anaondoka. Siku mtakayomwambia kwamba risiti ni fedha, ataidai kama anavyodai chenji, na mauzo ambayo hayaandikwi yataanza kuandikwa. Ndugu zetu wa mapato mnaijua hesabu hiyo vizuri kuliko mimi. Na tatu, baharia akiondoka na 5,700 badala ya 3,000, haziendi Ulaya. Zinakuja kwangu, kwa muuza sembe, kwa fundi cherehani, kwa bodaboda. Mimi nitamwekea chapati na ataila.

Nimebakiza kidogo, mwenyekiti.

Mwezi uliopita nililitoa bakuli la bluu, lile kubwa. Lilikuwa chini ya kabati, nimetilia chumvi. Nimeliosha, nimelirudisha bandani, lakini bado sijalitumia, kwa sababu hesabu bado hazikai. Liko pale kwenye msumari, mnaokula kwangu mmeliona.

Sikuja na maneno tu. Hili ni daftari la kikundi chetu. Kila ukurasa una boti moja, tarehe, lita tulizokopesha, na risiti ya kituo imebanwa kwa pini pale tulipofanikiwa kuipata. Majina ya mabaharia yako ukurasa wa nyuma, na kila mmoja ameweka dole gumba au saini kukubali kwamba lisomwe. Nimeacha nakala nyumbani. Hili naliweka mezani kwenu, waheshimiwa madiwani, liende kwenye kikao cha halmashauri, na kutoka huko liende kwa mbunge kabla ya bajeti.

Naomba mmoja wenu asimame alipokee, aandike jina lake na tarehe ya leo hapa ndani ya jalada. Boti zinatoka saa kumi na mbili jioni, na nahodha ameniambia nisije ufukweni bila saini hiyo.